Tegwen Rosser na Mfarishi wa Lugha Ishirini na Tatu

Kwa miaka ishirini na sita Tegwen Rosser alifungua mlango wa makumbusho ya mji wetu mdogo wa Llangarwen saa nne kasorobo asubuhi, robo saa kabla ya wakati uliotangazwa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumkuta mgeni aliyefika mapema kuliko yeye. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa kuzoea milango mifupi ya jengo lile, ambalo kabla ya kuwa makumbusho lilikuwa gereza. Alianza maisha ya kazi akiwa msichana katika kiwanda cha ndara za nyumbani, akigandisha soli za kushoto tu, kwa kuwa soli za kulia zilikuwa za dada mwingine. Kiwanda kilipofungwa aliomba kazi ya kutunza vyumba vya makumbusho, akaipata, na tangu siku ile hakuna aliyefikiri kumuuliza kama angependa kazi nyingine.

Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi, kuangalia kwamba hakuna anayekalia kiti cha mnyongaji, na kujibu maswali. Alijibu kwa ukamilifu. Mtu akiuliza choo kiko wapi, alimwelekeza na kumweleza pia bomba lipi linatoa maji ya moto na lipi linaahidi tu.

Chumba cha pili ndicho alichokipenda. Humo, juu ya kitanda cha chuma, ulitandazwa mfarishi wa rangi ya damu ya mzee: blanketi zito la vitambaa viwili vyenye sufu katikati, lililoshonwa kwa mkono kutoka ukingo hadi ukingo kwa michoro ya majani na mizunguko kama gamba la konokono. Kando yake ilisimama kadi iliyoandikwa kwa wino na mtunzaji wa kwanza wa makumbusho, marehemu sasa: *Mfarishi kutoka jumba la Plas Hendregelli, 1887. Mshonaji: Keziah Rosser.*

Keziah alikuwa mama yake babu wa Tegwen. Mumewe aliangukiwa na jiwe machimboni akafa, naye Keziah akabaki na watoto watatu na ufundi mmoja. Akawa fundi wa kuzunguka, kama walivyokuwa wengi zama zile: alipakia fremu yake ya mbao ya kushonea kwenye mkokoteni, akafika shamba fulani, akapewa malazi na chakula kwa majuma mawili, akashona mifarishi ya nyumba nzima, kisha akahamia shamba la pili. Inasemekana wenyeji walimgombania si kwa sindano yake tu bali kwa habari alizobeba kutoka shamba alilotoka. Huko Plas Hendregelli, kwa Lady Araminta, alikaa majuma sita ya baridi katika chumba kilicho juu ya banda la farasi.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa za chumba cha tatu, Tegwen alilisoma jina lile. Hakuwa na jambo jingine la kujivunia, wala hakulitafuta.

Sasa nifike kwenye kamati ya makumbusho, ambayo mimi, mwalimu wa mji, nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu zake, na kwa hiyo ninayoyasimulia hapa yana saini.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Elfyn Bevan, ambaye katika maisha yake ya kazi aliuza nyumba na ng'ombe kwa mnada. Mji mzima ulimwita Elfyn Mnada, isipokuwa mbele yake. Mwezi Machi alifika kikaoni na gazeti limekunjwa kwapani.

“Aberhelyg,” alisema, akiutaja mji tunaoshindana nao na kulitupa gazeti mezani. “Mmeona? Wale watu wana makumbusho ya vifungo. Vifungo vya shati! Na sasa wana lugha kumi na tisa.”

“Nani anaongea lugha kumi na tisa Aberhelyg?” aliuliza mweka hazina. “Hata moja inawashinda.”

“Si wao wanaoongea, bwana. Ni kimraba.”

Akatueleza. Kando ya kila kitu kwenye maonyesho hubandikwa kimraba cheusi na cheupe. Mgeni hukielekezea simu, simu hujitambua imewekwa lugha gani, nayo humfungulia ukurasa unaohusu kitu kile katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea duniani kote. Mjapani atasoma Kijapani, Mfini Kifini. Hakuna mkalimani wala kijitabu cha kuchapisha.

Lilikuwa wazo jema, na ninaliona jema hadi leo. Lakini hakuna wazo jema lililowahi kupita kwenye kamati yetu likatoka na nguo zote. Bwana Bevan alikumbuka kikao cha Januari, tulipobishana saa tatu na nusu juu ya maneno ya kibao cha pipa la kusukia siagi, hata vikeki vya zabibu vikaisha na watu wawili wakaacha kusalimiana. Akatoa hoja kwamba vibao vipya vya ukutani navyo viandikwe kutoka katika kamusi hiyo hiyo.

“Neno kwa neno,” alisema. “Bila kuongeza, bila kupunguza, bila mjadala. Kamusi ikisema, sisi tumesema. Nani anaunga mkono?”

Mikono yote ilipanda, maana chai ilikuwa imeiva. Niliandika: Azimio la saba, limepita bila kupingwa.

Wiki tatu baadaye Bwana Bevan mwenyewe alipita chumba hadi chumba na chupa ya gundi, akibandika vimraba na kung'oa kadi za zamani. Tegwen alimkuta chumba cha pili akipiga kibao kipya ngumi ya mwisho. Kilisema kwamba mfarishi ule *ulitengenezwa na Lady Araminta wa Plas Hendregelli, mwanamke mashuhuri kwa ustadi wa kazi za mikono.*

Tegwen alikisoma mara mbili.

“Bwana Bevan, hapa pana kosa. Huu alishona Keziah.”

“Keziah yupi?”

“Keziah Rosser. Wetu. Kadi ilisema.”

“Kadi ilisema katika lugha mbili, Tegwen. Hiki kinasema katika lugha ishirini na tatu. Ishirini na tatu! Aberhelyg wanazo ngapi?”

“Kumi na tisa. Lakini Lady Araminta hakuweza hata kushona kifungo.”

“Basi kawaambie Aberhelyg, wao ndio wenye vifungo,” alisema, akacheka sana, akaondoka na gundi yake.

Ndivyo jina la Keziah lilivyotoka ukutani. Tegwen hakulia wala kugombana. Alipangusa gundi iliyotiririka. Lakini jioni ile alinijia nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi ukingoni mwa kiti na kusema, “Mwalimu, nataka jina lake lirudi. Sitaki kingine. Unajua inafanywaje?”

Sikujua. Tulitafuta pamoja. Ukurasa wa kamusi ulitegemea kitabu kimoja cha mwaka 1911, kilichoandikwa na kasisi aliyesifu majumba ya wakubwa wa wilaya yetu, na ambaye kwa hesabu ya kitabu chake mwenyewe alikula chakula cha mchana Plas Hendregelli mara kumi na moja. Chini ya ukurasa palikuwa na maneno ya kutia moyo kwamba yeyote anaweza kuusahihisha. Tegwen akausahihisha, kwa sentensi mbili zilizonyooka. Sahihisho lake liliishi dakika kumi na moja.

Aliyelifuta alijitambulisha kwa adabu kuwa Ambrose Tindall, mhandisi mstaafu wa mabomba, mkaazi wa kaunti nyingine. Aliandika kwamba anashukuru sana, ila hapakutajwa chanzo. Tegwen akajibu kwamba chanzo ni yeye. Bwana Tindall akashukuru zaidi, akasema kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe.

Wakati huo vimraba vilikuwa vimekwisha kuanza kazi, kwa namna yake. Kuta za gereza letu zina unene wa mkono mzima wa mtu, na mtandao wa simu haujawahi kuzipenya. Mgeni alielekeza simu kwenye mfarishi, simu ikafikiri, ikachoka. Mahali pekee mtandao uliposhika palikuwa uani, kati ya mapipa ya takataka na mlango wa jiko la jirani. Kwa hiyo watu waliotoka mbali kuona vitu vyetu walivipita haraka, wakaenda kusimama mvuani karibu na mapipa kusoma habari zake kwa lugha ya mama zao. Bwana Bevan alipoona wamejaa pale aliguswa moyo, akaamuru liwekwe benchi. Katika taarifa ya mwaka benchi hilo liliitwa Kituo cha Lugha za Dunia.

Mwezi Juni Bwana Tindall alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la mvua lililofungwa hadi kidevuni na kalamu nne mfukoni, na alisafiri saa tano kwa treni na basi kwa sababu jambo lile lilimnyima raha. Nilimpenda papo hapo. Tegwen alimpeleka chumba cha pili, akavaa glovu za pamba, akainua pindo la mfarishi upande wa miguuni. Pale chini, kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, pameshonwa herufi ndogo: *K.R. 1887.*

Bwana Tindall alipiga magoti. Alitazama kwa muda mrefu.

“Hii ni nzuri sana,” alisema. “Ni nzuri kweli, Bi Rosser.”

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Basi andika.”

“Siwezi.”

“Kwa nini, na umeona?”

“Kwa sababu nimeona mimi. Nikiona kwa macho yangu huo ni utafiti wangu mwenyewe, nao hauruhusiwi. Lazima mtu mwingine aone, achapishe, ndipo mimi nisome alichochapisha.”

Tegwen alishusha pindo taratibu. “Kwa hiyo ungekaa nyumbani ukasoma, ungejua. Lakini umekuja ukaona, hujui.”

“Ukiliweka hivyo,” alisema Bwana Tindall kwa huzuni ya kweli, “ndiyo.”

“Na yule kasisi aliona nini? Aliona nyama choma!”

“Pengine. Lakini alichapishwa.”

“Na mimi nikiandika, nikachapisha?”

“Wewe ni ukoo. Mtu haandiki habari za ukoo wake.” Alisimama akijipangusa magoti, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvunja sheria ya barabarani, kisha akashusha sauti. “Hapa kwenu hakuna gazeti? Hata dogo? Lenye mhariri lakini. Mhariri anayeuliza maswali.”

Gazeti lilikuwepo. Kila bonde katika sehemu zetu lina gazeti lake la mwezi, la Kiwelisi, lugha yetu ya asili, linaloandikwa, kukunjwa na kusambazwa na wenyeji bila malipo. Letu ni *Cloch y Garwen*, na mhariri wake, Nesta Ffoulkes, alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Watu humwita Nesta Kiapo.

Tegwen alimkuta ukumbini nyuma ya kanisa, siku ya kukunja toleo la Julai, akiwa na watu tisa mezani na birika kubwa la chai.

“Nesta, nina habari yangu.”

“Ya kifo?”

“Ya Keziah wetu.”

“Basi ni ya kifo, ila umechelewa kidogo. Kaa. Kunja huku unasema.”

Tegwen alikunja, akasema. Nesta alisikiliza bila kuinua macho.

“Nani alikwambia Keziah alishona?”

“Baba.”

“Naye?”

“Aliambiwa na Keziah mwenyewe. Ndiye aliyemlea.”

“Alimwambia akiwa na umri gani? Baba yako.”

“Miaka tisa.”

“Mtoto wa miaka tisa hukumbuka anachokipenda. Alipenda nini?”

Tegwen alifikiri. “Alipenda ile ya sindano. Kwamba Lady alikuja siku moja kujaribu kushona, akajichoma, akatia damu kwenye kitambaa, na Keziah akashona jani juu yake kuificha.”

Meza nzima iliacha kukunja.

“Mama wee,” alisema mmoja. “Na jani lipo?”

“Lipo. Ni moja tu lililoelekea upande mwingine.”

“Usiandike hata herufi moja,” alisema Nesta, akiinuka kutafuta koti lake. “Nitaandika mimi. Nyie kunjeni. Na asiyekunja sawasawa nitamjua kwa mkono wake.”

Alifanya kazi kama alivyofanya mahakamani. Alikuja makumbusho na kioo cha kukuzia, akazitazama herufi, akazipiga picha. Alilipata jani. Alifungua daftari la washirika wa kanisa akamkuta Keziah, mjane, *fundi wa mifarishi*, akiwa ameandikwa kuwa hayupo kwa majuma sita ya baridi mwaka 1887, “yuko Plas.” Alimwita hata mwenyekiti kutoa maelezo, naye akasema hana la kusema, na maneno hayo yakachapishwa. Habari ilitoka toleo la Agosti, ukurasa wa tano, kati ya tangazo la magurudumu ya trekta na matokeo ya mashindano ya vitunguu.

Bwana Tindall alipelekewa nakala kwa posta. Hakujua Kiwelisi, alitafuta watu watatu wasiofahamiana wamfasirie, akalinganisha, kisha akaurekebisha ukurasa. Baada ya hapo waandishi wa lugha nyingine walifuata, kila mmoja kwa wakati wake. Mfini alitangulia, siku ile ile. Mholanzi aliuliza swali moja la maana kuhusu sufu. Wafaransa walichelewa kwa kuwa ilikuwa likizo. Kufikia katikati ya Septemba jina la Keziah Rosser, ambaye hakuwahi kutoka nje ya wilaya tatu, lilisomeka katika lugha zote ishirini na tatu. Ukutani tu ndiko lilikokosekana.

Kikao cha Septemba kilikuwa na ajenda nane na hili halikuwamo. Tegwen aliingia kama kawaida na sinia la chai. Alimimina vikombe vyote, akakiweka cha mwisho mbele ya mwenyekiti, na badala ya kutoka, akasimama.

“Bwana Mwenyekiti, naomba kibao cha chumba cha pili kibadilishwe.”

“Tegwen, dada yangu, hilo tulikwisha kulimaliza. Wafadhili wetu wa Plas Hendregelli hawatalipenda. Familia imekuwa na wema mwingi kwetu.”

“Sikuulizi watakachopenda wao. Naomba Mwalimu asome azimio la saba la Machi.”

Niligeuza kurasa bila haraka, maana nilitaka kila mtu anione nikizigeuza. Nikasoma: *neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza, bila mjadala.*

“Hilo lilikuwa la vibao kwa jumla,” alisema Bwana Bevan.

“Na hiki ni kibao,” alisema mweka hazina.

“Kamusi inaweza kukosea!”

“Machi haikuweza?” aliuliza Tegwen.

Bwana Bevan alikuwa na njia moja tu ya kukwepa: kulifuta azimio. Lakini azimio likifutwa, vibao vyote vinarudi mezani, pamoja na lile pipa la siagi, na jioni za majira ya baridi zilikuwa zinakaribia. Tena kamusi ikikataliwa chumba cha pili, kwa nini iaminiwe chumba cha tatu? Vimraba vingetoka, na lugha ishirini na tatu zingetoka navyo. Nilimwona akihesabu. Nilimwona akifika kimawazo Aberhelyg na vifungo vyake, akiwakuta wanamcheka.

“Neno kwa neno basi,” alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. “Lakini neno kwa neno kweli kweli! Hapaongezwi hata nukta kumfurahisha mtu. Hapapunguzwi pia. Kama ilivyo kwenye skrini.”

“Kama ilivyo kwenye skrini,” alisema Tegwen. “Chai inapoa.”

Mchongaji wa vibao alipewa karatasi iliyochapishwa moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa, na onyo la maandishi kutoka kwa mwenyekiti kwamba asibadili chochote. Alikuwa fundi mtiifu. Kwa hiyo kibao cha shaba kilichopo leo chumba cha pili kinasomeka hivi: *Kwa mujibu wa kitabu cha 1911, mfarishi huu ulitengenezwa na Lady Araminta.[2] Chanzo cha baadaye kinaeleza kwamba ulishonwa na Keziah Rosser, fundi wa kuzunguka, ambaye herufi zake zimo pindoni.[3]* Mabano na namba za vyanzo vimechongwa kwa kina kile kile cha jina. Bwana Bevan alipokiona aliuliza namba moja iko wapi. Hakuna aliyejua.

Tegwen hakupata yote. Lady Araminta bado anatangulia, na “chanzo cha baadaye” si maneno ambayo mtu angechagua kwa ajili ya bibi yake. Nilimuuliza kama ameridhika. Alisema kwamba shaba ni ngumu kung'oa kuliko kadi, akaenda kuangalia kiti cha mnyongaji.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba walifika mume na mke kutoka Ubelgiji. Mume alielekeza simu kwenye kimraba, akangoja, akaitikisa. Tegwen alikuwa karibu kumwelekeza uani aliposikia mke akisoma kibao cha shaba kwa sauti, polepole, kisha akasita na kuweka kidole chini ya ile namba ya mwisho.

“Samahani, dada,” aliuliza, “hii tatu hapa ni nini?”

Tegwen aliitazama.

“Hiyo?” alisema, akitoa glovu mfukoni. “Hiyo tatu ni mimi. Njoo huku miguuni nikuonyeshe.”